Salamu Zinazotunyima Cheti

Tuyisenge Élysée
Mhitimu wa Lisansi ya Teknolojia ya Vyakula
Msimamizi wa Usalama wa Chakula, Mgahawa Tulizo la Safari
Kalembe, mpakani mwa Masisi na Walikale

Kalembe, tarehe 26 Novemba

Nakala kwa taarifa:
– Mkuu wa kijiji cha Kalembe
– Chama cha waendesha pikipiki, kituo cha Kalembe
– Mama Euphrasie, mwenye mgahawa (atasomewa, akipata nafasi)

Kwa Bwana Mkuu wa Ofisi ya Vyeti vya Usalama wa Chakula, Masisi

Kuhusu: Ombi la kufanywa upya kwa cheti changu, na malalamiko dhidi ya salamu za wananchi

Bwana Mkuu wa Ofisi,

Nina heshima isiyopimika ya kufika mbele ya mamlaka yako kwa njia ya barua hii, nikiwa nimenawa mikono mara mbili kabla ya kushika kalamu, ili nikueleze jambo linaloninyima mimi usingizi na linalowanyima wananchi wa Kalembe chakula cha moto.

Niruhusu kwanza nijitambulishe, ingawa faili yangu iko mezani kwako na sina shaka umeisoma mpaka viambatisho. Nina umri wa miaka ishirini na sita. Mimi ni mtoto wa kwanza wa mlima wetu kupata lisansi ya teknolojia ya vyakula, kwa asilimia sabini na mbili nukta nne. Tasnifu yangu ilihusu vijidudu vinavyoishi kati ya vidole vya binadamu. Maprofesa walisema ni kazi inayotisha, na mmoja wao alikataa kunipa mkono siku ya utetezi, jambo nililolipokea kama sifa.

Tangu mwaka jana mimi ndiye msimamizi wa usalama wa chakula katika mgahawa Tulizo la Safari, ulio kando ya barabara hapa Kalembe. Mgahawa ni wa shangazi yangu, Mama Euphrasie. Amepika hapo miaka kumi na tisa: maharage, fufu ya muhogo, sombe ya majani ya muhogo, na nyama siku ikijaliwa. Ni sufuria yake iliyonisomesha mpaka nikavaa toga. Sasa cheti ulichonipa kinaisha tarehe 30 ya mwezi huu. Kisipofanywa upya, tarehe mosi Desemba mlango utafungwa, shangazi atakaa kibarazani akitazama masufuria yaliyopinduliwa, na mimi nitaitwa, mpaka nizeeke, yule msomi aliyerudi na diploma akazima moto wa shangazi yake. Sentensi hiyo watu wameshaanza kuifanyia mazoezi. Nimeisikia kwenye kituo cha pikipiki, na ilikuwa imenyooka vizuri.

Kitabu cha mwongozo cha ofisi yako, ukurasa wa kumi na nne, kinadai kwamba ili cheti kifanywe upya, msimamizi aonyeshe daftari lenye siku thelathini zinazofuatana ambazo hakuna mlaji hata mmoja aliyenawa, kisha akashikana mkono na mtu mwingine, kisha akatia mkono huo katika chakula. Siku moja ikiharibika, hesabu inarudi kwenye moja. Kanuni hii ni nzuri. Niliipigia mstari kwa kalamu nyekundu, na siku iliyofuata kwa kalamu ya bluu. Sina neno dhidi ya kanuni. Neno langu lote ni dhidi ya wananchi.

Nilianza hesabu tarehe mosi Septemba. Leo, baada ya karibu miezi mitatu, rekodi yetu ya juu kabisa ni siku mbili. Ya kwanza ilikuwa Jumapili, tumefunga. Ya pili, mto ulikuwa umebeba daraja na hakuna mtu aliyepita. Siku hizo mbili nimeziandika kwa mwandiko mzuri sana. Utakapolifungua daftari utazitambua bila kuonyeshwa.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu salamu yenyewe.

Mgahawa wetu umekaa pale ambapo Masisi inaachia na Walikale inapokea. Kutoka juu wanateremka watu wa ng'ombe, wenye maziwa na jibini. Kutoka chini wanapanda wachimbaji wa mgodi wa Omate wakiwa na matope mpaka kwenye nyusi. Wote wanakutana kwenye meza saba za shangazi. Na desturi unaijua, Bwana Mkuu: anayeingia hakai kabla hajawapa mkono wote waliomo, meza kwa meza, anaowajua na asiowajua, hata yule ambaye tonge lake liko katikati ya sahani na mdomo.

Nitatoa mfano wa Jumanne, tarehe 4 Novemba. Saa sita kamili walikuwapo walaji kumi na wawili. Niliwanawisha wote mlangoni, mimi mwenyewe, kwa sabuni, nikihesabu mpaka ishirini kwa kila mmoja. Chakula kikaletwa. Hapo akaingia Papa Karangwa, muuza maziwa kutoka milima ya Masisi, mtu mwenye heshima zake na viganja vipana. Mkono wake ukapita kwenye mikono kumi na miwili, na kwa mujibu wa ukurasa wa kumi na nne, sikuwa tena na walaji; nilikuwa na watuhumiwa kumi na watatu. Nikawasimamisha wote wakanawe upya. Wakiwa bado kwenye mstari wa maji akaingia Jean-Luc, mchimbaji wa Omate, ambaye hakuona sababu ya kuuruka mstari mzima bila kuusalimia. Nikaurudisha mstari mwanzo. Akaingia mwalimu Jean de Dieu. Mwalimu husalimia kwa mikono miwili.

Kufikia saa nane tulikuwa tumemaliza bidoni tisa za maji. Watu walikuwa wamefika kumi na tisa, wote vidole vimekunjamana kama vya mfuaji nguo, na hakuna aliyekuwa amekula. Fufu ilikuwa imekauka kiasi cha kuweza kuegemea ukuta. Jean-Luc aliniuliza mbele ya kadamnasi: "Kaka Élysée, sisi tulikuya kula ao kubatizwa mara ya pili?" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilichukua daftari nikaandika: siku ya kwanza, tena.

2. Kuhusu njia nyingine ambazo wananchi walizivumbua.

Nilipopiga marufuku viganja, walinipa ushirikiano wa kutisha. Walianza kupeana kifundo cha mkono, kama afanyavyo mtu mwenye mikono iliyolowa. Nilitafakari kwa siku moja, nikapiga marufuku kifundo, kwa kuwa kifundo ni jirani wa kiganja na majirani hutembeleana. Wakahamia kwenye kiwiko. Kiwiko nilikipiga marufuku siku hiyohiyo, kwa sababu katika meza zetu kiwiko cha mtu mmoja huishi ndani ya maharage ya mwenzake.

Hapo wanaume wakakumbuka kwamba nchi hii ina salamu nyingine, ile ya kugonganisha vichwa, kushoto, kulia, na katikati. Papa Karangwa, kama watu wengi wa ng'ombe, huvaa kofia pana. Tarehe 11 alimsalimia mwalimu Jean de Dieu juu ya meza ya tatu, na kofia ikatua ndani ya maharage. Niliitoa kwa koleo la mkaa, mbele ya mashahidi. Shangazi aliitazama kofia, akayatazama maharage, akanitazama mimi, akasema: "Mbele ya weye kukuya, kofia ya Papa ilikuwa inakaa ku kichwa."

Katika daftari sikupata safu ya kofia. Niliichora.

3. Kuhusu kizuizi cha mlangoni.

Niliona kwamba tatizo linaingia kwa mlango, kwa hiyo nikafunga mwanzi mrefu mlangoni. Mpango ulikuwa wa kisayansi: watu wasalimiane nje mpaka watosheke, wanawe kwenye mwanzi, kisha waingie mmoja mmoja wakiwa wameinua mikono juu ili isiguse kitu.

Ninakiri sikufikiria vya kutosha kuhusu barabara zetu, ambako mwanzi uliokingama humaanisha kutoa karatasi na pesa. Mwendesha pikipiki wa kwanza kufika alizima injini akiwa bado mbali, akavua kofia ya chuma, akatoa kitambulisho, kadi ya pikipiki na barua ya parokia yake, akasimama mbele yangu. Nilimwambia aje anawe. Akauliza: "Kunawa? Na kisha?" Nilimwambia kisha ale. Akauliza tena, polepole, kama mtu anayekanyaga udongo usiojulikana: "Na kisha mutanifanya nini?" Wa pili aliuona mwanzi, akasema, "Ingine tena?", akageuza bila kushusha mguu.

Waliobaki walipanga foleni. Nao, kwa kuwa foleni haikuwa na kazi nyingine, walisalimiana. Aliyefika nyuma alikwenda mbele kusalimia, akarudi nyuma, akamkuta mwingine amefika. Kufikia saa saba, Natacha muuza mikate alikuwa amehamishia meza yake kwenye mwanzi kwa sababu huko ndiko kulikuwa na watu. Nilikuwa nimefungua soko mbele ya mgahawa mtupu. Mwanzi niliutoa siku ya pili, na Natacha bado ananidai kwa macho.

4. Kuhusu sahani moja.

Desturi ya kula watu wanne kutoka sahani moja nilidhani ingekuwa rahisi kuitibu, kwa kuwa dawa yake ni sahani nne. Nilimpa kila mlaji yake, nikaziandika namba kwa rangi isiyotoka. Papa Karangwa alipewa sahani namba sita. Aliitazama kama mtu aliyepelekewa taarifa ya msiba, akaniambia kwa upole: "Mutoto wangu, muntu anakula pekee yake iko mugonjwa ao iko muchawi. Mimi niko gani?" Nikaanza kupekua mwongozo. Akachukua sahani namba sita akaimimina ndani ya sahani namba tisa ya Jean-Luc, ambaye alikuwa amemfahamu kwa siku ishirini tu, wakala. Kisha namba mbili na namba nne zikaimiminia namba tano. Baada ya dakika chache nilikuwa na sahani nyingi sana za kuosha na tabia ileile.

5. Kuhusu Mama Euphrasie, shangazi yangu na mwajiri wangu.

Hoja hii inaniuma, na ninaiandika nikiwa nimegeuzia jiko mgongo. Adui mkubwa wa cheti chetu ndiye mwenye mgahawa. Kila mtu akitokea mlangoni, shangazi huacha moto, hushika mwiko kwa mkono wa kushoto, na wa kulia humpa mgeni. Haumwachii. Humshika mpaka amweleze ametoka wapi, amepita wapi, na ameacha nani huko. Nimepima kwa saa: wastani ni dakika mbili na sekunde arobaini kwa mkono. Kwa wachimbaji waliotoka mbali huchukua zaidi, na wakati mwingine mwiko hutua mezani na mikono yake yote miwili hutumika.

Nilimsihi. Nilimsomea ukurasa wa kumi na nne. Nilimsomea pia sura ya tatu ya tasnifu yangu, ile yenye picha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema: "Mutoto wangu, muntu anatoka Walikale siku mbili mu matope, hajui nani alimubakia huku. Weye unamupa sabuni mbele ya kumupa mukono?" Kisha akarudi kwenye maharage. Tangu siku hiyo ananiita Daktari, na namna anavyolitamka neno hilo si ya kumpandisha mtu cheo.

Bwana Mkuu, zimebaki siku nne. Siku nne haziwezi kubeba siku thelathini, hata kwa mtu mwenye asilimia mia. Ni wazi basi kwamba kosa haliko kwa kanuni, ambayo ni kamilifu, wala kwa msimamizi, ambaye ushahidi wake uko kwenye daftari. Kosa liko kwa umma. Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, ninaomba umma urekebishwe, na wakati unarekebishwa, cheti chetu kiongezewe miezi mitatu ili shangazi asizime moto kwa makosa ya watu wengine.

Kuhusu namna ya kuurekebisha, nimejiruhusu kuandaa mapendekezo machache.

Ningependekeza kwanza amri ya kuzuia salamu zote za kugusana ndani ya mita hamsini kutoka kwenye sufuria yoyote inayochemka. Mita hamsini zipimwe kutoka kwenye kifuniko. Watu wakikutana ndani ya eneo hilo wanaweza kutikisa kichwa mara moja, bila kumkaribia mwingine, na aliyetikisa mara mbili aandikwe.

Hata hivyo amri bila elimu ni kamba ya mgomba. Ndiyo maana ninapendekeza kuanzishwa kwa Cheti cha Mlaji Salama. Kwa nini anayepika peke yake ndiye afanye mtihani, na anayekula, ambaye mikono yake inatoka popote, aingie bila karatasi? Kila mkaazi wa Masisi na Walikale anayetaka kula nje ya nyumba yake afuate mafunzo ya siku sita, afanye mtihani wa maandishi na wa vitendo, apewe kadi yenye picha ya uso na, muhimu zaidi, picha ya viganja. Kadi iwe inafanywa upya kila mwaka. Atakayeshindwa mtihani ale nyumbani.

Lakini nilipofika hapo niligundua kwamba hata nyumbani kuna watu, na watu hao husalimiana. Haitakuwa haki mgahawa uwe safi na nyumba ziwe hatari. Amri ienee basi kwenye nyumba zote, harusi na matanga, ambako hali ni mbaya kuliko kote, kwa kuwa mfiwa hupewa mkono na kijiji kizima kisha huletewa chakula. Ienee pia kanisani. Padre akisema tupeane amani, amani ipeanwe kwa maandishi, na wasiojua kusoma wahifadhi amani yao mpaka watakapoandikiwa.

Mpango huu unahitaji msimamizi mmoja mwenye elimu inayofaa. Sitaji jina. Ninasema tu kwamba nafasi ya Mratibu wa Salamu kwa Masisi na Walikale ingemfaa kijana aliyeisomea mikono, anayejua barabara zote mbili, na ambaye ameshateseka kwa ajili ya ukurasa wa kumi na nne. Mimi sihitaji gari. Kofia na filimbi vinatosha.

Katika kulisubiri jibu lako, ambalo ninaamini litafika kabla ya tarehe 30, pokea, Bwana Mkuu, hisia zangu za heshima safi. Umsalimie mama wa nyumbani kwako na watoto. Uwasalimie makatibu, mlinzi wa getini, yule dada wa mapokezi aliyenionyesha benchi mwezi Agosti, wazee waliokuwa wamekaa kwenye benchi hilo, na yeyote atakayekuwapo ofisini siku bahasha hii itakapofunguliwa. Wape wote mkono wangu, mmoja mmoja. Usimruke mtu, wasije wakasema nimewasahau.

Mtumishi wako mtiifu,

Tuyisenge Élysée

Nyongeza.

Bahasha ilikuwa imeshapakwa gundi nilipolazimika kuifungua tena. Ninaandika haya siku hiyohiyo, saa tisa alasiri, na naomba uwie radhi mwandiko.

Saa saba aliingia mwanaume wa makamo, shati jeupe, mkoba mweusi, mtu tusiyemjua. Hakutazama kushoto wala kulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye maji, akanawa kwa sabuni huku midomo yake ikihesabu, akapita katikati ya meza akiwa amebana mikono kifuani asimguse mtu, akakaa peke yake pembeni, akaomba sahani yake na kijiko chake. Watu kumi na saba waliacha kutafuna. Mama Verdiane, mkulima wa maharage anayetushushia mzigo kila Jumatano, aliuliza kwa ile sauti ya chini inayosikika mpaka barabarani: "Huyu Papa, tulimukosea nini?" Jean-Luc akamjibu: "Labda iko na kilio. Mumuache."

Bwana Mkuu, nina wajibu wa kusema ukweli kama msomi. Kwa miezi mitatu nilimwomba Mungu mlaji mmoja wa namna hiyo. Alipofika, nilimwonea aibu. Sikumwona kama mfano. Nilimwona kama mtu aliyelelewa na ukuta. Nilimwendea nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo: "Papa, hapa kwetu muntu akiingia anasalimia bantu. Simama." Akasema yeye ameshanawa. Nikamwambia kwamba kunawa si salamu. Nikamshika mkono, nikamzungusha meza kwa meza kama bwana harusi.

Kwenye meza ya tano alikuwapo Papa Karangwa, amekaa ametupa mgongo. Alipogeuka kupokea mkono, walitambuana. Walikuwa majirani wa mlima mmoja mpaka siku watu walipokimbia, miaka minane iliyopita, na kila mmoja aliambiwa kwamba mwenzake hakufika. Kama mgeni angeachwa akae na sahani yake kama nilivyofundisha, angekula hatua nne kutoka kwa mgongo ule, akajifuta mdomo, akaondoka.

Waligonganisha vichwa, kushoto, kulia, katikati, kisha wakaanza upya kwa sababu hesabu iliwapotea. Papa Karangwa alikuwa anashika uso wa mwenzake kama mtu anayechagua boga. Mwishowe alisema: "Edmond. Na ile ng'ombe yangu ulikimbia nayo, ilizaa?" Mgeni akajibu: "Ilizaa mara tano. Minakulindia zote," akaketi palepale. Shangazi alileta sahani moja kubwa ya fufu na sombe bila kuulizwa. Hakuna aliyekumbuka maji. Nami nilikula pamoja nao, Bwana Mkuu, kwa mkono huuhuu unaoandika.

Ni baada ya tonge la tatu mgeni alipoufungua mkoba wake ndipo nilipofahamu kwamba yeye ni Papa Edmond, ajenti wako wa ukaguzi, na kwamba amekuja kuliona daftari. Nilimpa. Alilisoma lote, pamoja na safu ya kofia. Kisha hakuniuliza mimi kitu; alimuuliza shangazi alikuwa anafanyaje kabla yangu. Shangazi akamwambia: "Bantu banasalimiana kwanza. Bakimaliza, minaleta maji na chakula pamoja, na minanawisha kila muntu ku meza. Anayechelewa anatoa kifundo, na hakuna anayekasirika." Papa Edmond aliandika maneno hayo kwenye fomu kama yalivyo, akasema ukurasa wa kumi na nne hauna ugomvi nayo, kwa kuwa salamu inatangulia maji, na kwamba miaka ya shangazi inazidi siku thelathini, akaongeza cheti mwaka mmoja. Kisha akaomba daftari tena, akaandika kosa la leo kwa jina lake mwenyewe, na la pili kwa jina langu.

Shangazi hajui bado maana ya karatasi hiyo. Nilipomwambia kwamba tarehe mosi atafungua kama kawaida, alishangaa kwamba kulikuwa na mtu aliyefikiri hatafungua.

Kwa hiyo ninaomba hoja zangu kuanzia ya kwanza mpaka ya tano, pamoja na amri, kadi, na lile la kanisa, uzihesabu kama hazikuandikwa. Ningeichana barua yote, lakini Papa Edmond ameshaliona jina lako juu ya bahasha na anasema barua ya mkubwa haichanwi. Suala la kofia na filimbi ninaliacha kwa busara yako.

Ataileta yeye mwenyewe pamoja na fomu. Ile alama ya kijani iliyo chini ya sahihi yake si muhuri mpya wa ofisi. Ni sombe.